Kumsomesha mtoto nyumbani bila kumkosesha wenzake

Mtoto anayesomea nyumbani hakosi watu. Ana wazazi, dada wa kazi, mwalimu anayekuja kwa saa, na binamu wanaojaa siku ya Idi au Krismasi. Anachokosa ni watoto wa rika lake, wale wale, wiki baada ya wiki, mahali pasipo na mkubwa wa kuamua nani kakosea. Shuleni hilo hupatikana wakati wa mapumziko bila mtu kulipanga. Nyumbani usipolipanga, halipo.

Sheria nayo inaingia humu. Tanzania, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyefikisha miaka 7 aandikishwe shule ya msingi. Zungumza na afisa elimu kata mapema, kwa sababu mtoto anayefungiwa ndani saa za shule ili majirani wasiulize hapati rafiki.

Anza na daftari. Kwa siku 14, kila mtoto anapokuwa na wenzake andika walikuwa nani, wana umri gani, walikaa muda gani, na nani aliuchagua mchezo. Muda wa kukaa kimya kumsikiliza ustadhi au mwalimu wa Sunday school usiuhesabu. Hesabu ule wa kungoja darasa lianze na wa kurudi nyumbani wakisukumana njiani. Ukikuta majina 12 na kila moja limetokea mara moja, umeshajua ugonjwa: watu wengi, rafiki hakuna.

Sasa panga ratiba: mara 3 kwa wiki, kwa muda wa saa moja na nusu hadi mbili kila mara, na angalau mara 2 ziwe na kikundi kile kile cha watoto 4 hadi 8. Wazazi wengi hukosea saa. Mtoto amemaliza masomo saa sita mchana, anatoka nje, mtaa mtupu. Wenzake wanarudi saa tisa au kumi, na wengine wanapitia twisheni kwanza. Kwa hiyo sogeza kazi za mikono, kusoma hadithi na kulala viwe mchana, ili saa kumi na nusu awe na nguvu. Likizo za Juni na Desemba punguza masomo hadi nusu, watoto wa mtaa wakiwa wapo. Utafidia Januari wakisharudi shule.

Skauti, kwaya, kuogelea na timu ya mpira vinafaa, ila kote huko yupo mkubwa mwenye filimbi. Moja kati ya zile mara 3 iwe ya kucheza tu, bila kocha. Tazama rede: wawili wanarushiana mpira, wa katikati anakwepa huku akijaza chupa mchanga. Mpira unapita karibu na sketi. "Umepigwa!" "Sijapigwa, umegusa nguo tu!" Hapo ndipo kazi ilipo. Akishikilia ubishi mchezo unavunjika, akikubali kila kitu anageuzwa mnyonge, na baada ya mabishano kama 20 ya namna hiyo anajua kujitetea bila kulia.

Wewe kaa unaposikia, si unapoonekana. Sauti zikipanda, hesabu hadi 60 kabla ya kuinuka. Inuka mara moja kukiwa na damu, jiwe mkononi, au watatu wanamwonea mmoja. Mzazi anayekimbilia kuamua kila ugomvi anafuta kilichompeleka mtoto uwanjani. Jioni uliza swali moja tu, "Mliamuaje?", kisha nyamaza.

Kuna jambo dogo linalowaumbua watoto hawa: "Uko darasa la ngapi?" Anababaika, wenzake wanacheka, kesho hataki kutoka. Mfundishe jibu fupi, kama "La nne, ila nasomea nyumbani," na mlifanyie mazoezi mezani. Utani pia hufundishwa. Mtoto aliyezoea wakubwa huongea vizuri na mjomba, lakini akiambiwa kichwa chake kama nazi anadhani ametukanwa. Mtanieni nyumbani, naye arudishe.

Ndugu wa tumbo moja hawatoshi, maana kaka mkubwa ataamua siku zote na mdogo atakubali siku zote. Umri wa miaka 4 hadi 6, mwenzake mmoja au wawili wanatosha. Kuanzia 7 anahitaji kikundi, na kuanzia 11 anahitaji nafasi ya kupanga mwenyewe na kwenda bila wewe, hata kama ni dukani na kurudi.

Ukisoma kwamba watoto wa nyumbani wanawapita wa shule kwa tabia, soma taratibu: tafiti nyingi ni za Marekani, na mara nyingi familia zilizoshiriki zilijitolea zenyewe, kwa hiyo huenda haziwakilishi wote.

Aibu si ugonjwa. Mkimya mwenye rafiki mmoja wa kweli yuko salama. Angalia zaidi mtoto ambaye baada ya miezi 3 ya ratiba thabiti hataji jina la mwenzake hata mmoja, au tumbo linamuuma kila siku ya kutoka. Kwa huyo punguza kikundi hadi mtoto mmoja, tena wacheze nyumbani kwenu kwanza. Na yule asiyeitika jina lake, au aliyeacha maneno aliyokuwa akiyasema, mpeleke kwa daktari wa watoto wiki hii, usingoje ratiba ifanye kazi.