Kupunguza umeme unaopotea kwenye majengo ya chuo: anza usiku

Wakuu, habari za jioni. Ni miaka mingi sasa nafanya kazi ya umeme kwenye majengo ya vyuo hapa Dar, na kila bili ikija kubwa nasikia wimbo uleule: tubadilishe taa. Taa sizikatai, ila mimi huanza na umeme unaowaka mahali pasipo na mtu.

Hatua ya 1: Soma mita jengo likiwa limefungwa. Ijumaa saa 11 jioni piga picha mita. Jumatatu saa 1 asubuhi piga nyingine. Hapo katikati kuna saa 62. Toa namba ya Ijumaa kwenye ya Jumatatu, gawanya kwa 62. Ukipata 10, jua kwa wastani kilowati 10 zilikuwa zinavutwa muda wote huo na ofisi zimefungwa. (Kama mita imefungwa kwa CT, yaani transfoma ndogo zinazopunguza mkondo ili mita iweze kuupima, hakikisha kwanza kama namba inatakiwa kuzidishwa. Nimeshaona mtu akishangilia bili ndogo kwa kusahau hilo.)

Hatua ya 2: Zunguka na mlinzi saa 4 usiku. Pita nyuma ya jengo kwanza. Ukisikia maji yanadondoka ukutani, huko ndani kuna AC inapooza viti. Chuo kimoja tulikuta ukumbi wa mihadhara una AC mbili zinapuliza, hakuna hata mjusi. Mlinzi alikuwa na ufunguo wa mlango, lakini remoti ilifungiwa kwenye droo ya mtu aliyekuwa safarini, na bodi ya umeme ipo kwenye kabati lenye kufuli ambayo hakuna aliyejua ufunguo wake. Yule mlinzi alikuwa akizisikia kila usiku. Azime na nini?

Hatua ya 3: Mpe mtu uwezo wa kuzima. Hii ndiyo kazi yenyewe, na vifaa vyake ni kalamu ya wino mzito na stika. Bodi nyingi hazina maandishi, kwa hiyo fuatilia breka moja moja na uandike inalisha nini. Kisha stika ya kijani kwa zile ambazo mlinzi anaruhusiwa kuzima, nyekundu kwa zisizoguswa: friji za maabara, seva, kengele ya moto, taa za ulinzi. Siku mbili za jasho, basi.

Hatua ya 4: AC. Nyuzi 24 au 25, na feni juu inazunguka. Watu wanaingia na joto la Januari wanabonyeza 16 wakidhani chumba kitapoa upesi. Kwa AC za kawaida zisizo za inveta, kompresa ama inafanya kazi ama imelala. 16 inaifanya tu ichelewe kulala. Osha filta, vumbi letu mnalijua. Na tafadhali, AC kwenye chumba chenye madirisha ya luva ni kupooza barabara ya nje. Majengo ya zamani pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ya miaka ya 1960, mengi yalijengwa ili upepo upite. Feni ya dari ni kama wati 70. AC ya BTU 12,000 ni kama wati 1,100. Kwa AC moja unazungusha feni 15.

Halafu msiwashe zote kwa pamoja asubuhi, wala umeme ukirudi baada ya kukatika. Wateja wakubwa wa TANESCO hulipia uniti, na pia hulipia kilele cha mzigo, yaani kVA. Pishanisheni, ghorofa kwa ghorofa.

Hatua ya 5: Taa. Tyubu ya wati 36 weka LED ya 18. Swichi inayowasha ukumbi mzima igawanye, safu ya dirishani ijitegemee.

MASWALI YA WANACHAMA

*Fundi, kompyuta za maabara si zitakufa zikizimwa kila siku?*
Hapana. Kinachoziumiza ni umeme kukatika zikiwa kazini. Kompyuta 40 zikiachwa zinawaka usiku, kila moja wati 60, kwa saa 13 ni uniti 31 kwa usiku mmoja.

*Mkuu, sisi hosteli hatuna AC. Tatizo ni majiko ya koili chini ya vitanda.*
Birika la umeme nisingelifukuza, linachemsha dakika chache. Jiko la kilowati 1 likipika maharage saa tatu ni uniti 3, tena kwenye waya mwembamba. Ukikataza tu watalificha vizuri zaidi. Tenga chumba cha kupikia chenye saketi yake.

*Tumeshauriwa kufunga kapasita. Bili itashuka?*
Upande wa kVA ndiyo, kama mna mota nyingi na pawa fakta mbovu, yaani sehemu ya mkondo mnaovuta haifanyi kazi yoyote; kapasita hupunguza huo. Uniti karibu zitabaki zilezile. AC ya ukumbi mtupu itaendelea kula umeme.

*Mlinzi akizima, halafu bosi akaja juu?*
Barua. Yenye sahihi ya mkuu wa majengo, ikae kwenye kibanda cha mlinzi. Stika nilimaliza kwa siku mbili. Hiyo barua niliifuatilia miezi minne.