Somo: Picha kubwa kama ramani kwenye RPG Maker MV (na simu isigome)

Wakuu habari zenu, niliahidi hili somo basi leo nalishusha. Mimi nilikuwa nachora vichochoro vya Mji Mkongwe kule Zanzibar, sasa vile vigae vya mraba (vipande vidogo ambavyo RPG Maker MV, programu ya kutengeneza gemu, inaviunganisha kuwa ramani) vinataka kila kitu kinyooke na vichochoro vya kule vinapinda vinavyotaka vyenyewe, nikaona heri nichore mtaa mzima picha moja halafu mhusika atembee juu yake.

Hatua ya 1 ni hesabu, usiiruke. Kigae cha MV ni pikseli 48 kwa 48, kwa hiyo ramani ya vigae 40 kwa 30 inataka picha ya 1920 kwa 1440, kamili. Chora kwa Krita au GIMP, washa gridi ya 48 ili milango ikae sawa na vigae, seva kama PNG.

2. Picha iweke folda ya img/parallaxes na jina lianze na alama ya mshangao, mfano !kichochoro.png. Siri yote iko hapo. Bila hiyo alama picha inaganda kwenye skrini huku mhusika anatembea, unamuona kama anateleza, na ukiwasha viboksi vya picha kujirudia kwenye sifa za ramani ndo picha inasogea nusu spidi. Hapa nilipoteza Jumapili nzima nikilaumu kompyuta.

3. Fungua sifa za ramani, weka ukubwa ule ule, chagua picha yako kwenye paralaksi (picha ya nyuma ya ramani), tiki kiboksi cha kuionyesha ndani ya edita. Basi.

4. Hii ndo kazi yenyewe. Injini haijui kama umechora ukuta au njia, kwake ile ni picha ya nyuma tu, na ukiacha ramani tupu mhusika hasogei hata hatua moja. Wengi wanakimbilia kugeuza kigae cha kwanza cha shiti B (shiti ni picha iliyopangwa vigae, zina majina kama A5 na B) kiwe duara, yaani alama ya panapopitika, usifanye hivyo!! Kile ndo kigae tupu, kinasomwa kila mahali, ukikigeuza mtu anapenya hadi kuta. Kiache nyota (alama ya kigae kinachokaa juu ya mhusika na kisichoamua njia). Tengeneza shiti A5 ya 384 kwa 768 isiyo na rangi kabisa, vigae vyake vipe duara, paka pa kupita tu, pasipopakwa pamezibwa. Ila utapakaje kitu usichokiona? Mimi naanza na shiti nyekundu hafifu, nikimaliza naibadilisha na ile ya uwazi kwa jina lile lile.

Mapaa na baraza za juu, zile mhusika anapita chini yake, kata vipande vya 48 kutoka kwenye picha, panga kwenye shiti B, vipe nyota. Inachosha lakini huhitaji plagini (programu ndogo ya nyongeza).

MASWALI

Swali: Mkuu picha yangu ina MB 3 tu mbona simu inagoma?

Jibu: Hizo 3 ni za kwenye diski. Ikifunguliwa kila pikseli inakula baiti 4, hata ungeibana vipi. Ramani ya 40 kwa 30 ni kama MB 11, ila ya 100 kwa 100 ni picha ya 4800 kwa 4800, hapo unagusa MB 92, na kuna simu za zamani hazipokei picha inayozidi pikseli 4096 upande mmoja. Gawa mtaa ramani mbili, katikati weka mlango au kona ya kuhamia.

Swali: Kwenye laptop inakubali, Android inasema imeshindwa kupakia picha.

Jibu: Angalia herufi. Windows haijali kubwa na ndogo, Android inajali, !Soko na !soko kwake ni mafaili mawili tofauti. Mimi naandika zote ndogo siku hizi.

Swali: Kaka, na RPG Maker MZ, ile iliyofuata MV, je?

Jibu: Dada ni vilevile, vigae 48 kwa kawaida na alama ile ile.

Swali: Nataka usiku taa za madirishani ziwake, nichore picha ya pili?

Jibu: Ndio, kuna amri ya kubadilisha paralaksi ndani ya iventi (tukio unalolipanga kwenye ramani), picha ya pili nayo ianze na mshangao. Lakini mapaa uliyoweka shiti B yatabaki ya mchana, kwa hiyo badilisha na tileseti (seti ya shiti za ramani) hapo hapo, la sivyo utapata mtaa wa saa nne usiku wenye mapaa ya saa sita mchana 😂