Kwenda ufuo wa mbali wenye majabali: panga safari kwa saa za maji

Anayejiandaa kwenda ufuo wa mbali, ule wenye majabali na usiofikiwa na barabara, huwaza kwanza habari za kuogelea: mawimbi, mikondo, kuzama. Lakini mtego wa kwanza humnasa mtu akiwa bado amevaa viatu. Amezunguka rasi maji yakiwa yamekupwa, amekaa ufuoni mpaka akatosheka, na akirudi anakuta pale alipopita mguu mkavu pana maji ya kifuani yanayopiga ukuta wa jiwe. Juu hapapandiki, pembeni hapapitiki. Kwa hiyo safari ya namna hii haianzi na begi wala viatu. Inaanza na jedwali la maji kujaa na kupwa.

Kusoma jedwali

Chukua jedwali la bandari au kituo kilicho karibu zaidi na ufuo wenyewe, na uhakikishe ni la mwaka huu. Halafu angalia saa. Majedwali mengi hutumia saa 24 zinazohesabiwa tangu usiku wa manane, hivyo 10:40 ni saa 4:40 asubuhi. Katika nchi zinazosogeza saa mbele wakati wa kiangazi, baadhi ya majedwali hayajaongeza ile saa moja, na kosa la saa moja linatosha kukufungia njia.

Angalia pia kimo. Namba kama mita 0.8 haikuambii kina cha maji mbele ya rasi. Inapimwa kutoka usawa wa chini uliowekwa kwenye ramani za bahari, si kutoka mchanga utakaoukanyaga. Namba yenye faida kwako ni tofauti kati ya maji yalipojaa na yalipokupwa. Tofauti hiyo hutegemea mahali: katika Bahari ya Mediterania sehemu nyingi haifiki hata nusu mita, ilhali kwenye Ghuba ya Fundy nchini Kanada inaweza kufika takriban mita 16. Hutegemea mwezi pia. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni za bamvua, maji hujaa sana na kukupwa sana; mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, nayo hayasogei mbali. Bamvua hukufungulia njia pana zaidi, kisha huifunga kwa kasi zaidi.

Pwani nyingi hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili, na kati ya kupwa moja na nyingine kuna kama saa 12 na dakika 25. Ndiyo sababu kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Zipo pwani, kama sehemu za Ghuba ya Meksiko, zinazojaa mara moja tu kwa siku, kwa hiyo usidhani, soma.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawanya ile tofauti katika sehemu 12: saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama tofauti ni mita 4, saa ya kwanza maji yamepanda sentimita 33 tu, nawe unaona bado una nafasi. Saa ya tatu peke yake yanapanda mita nzima. Hapo ndipo watu huhesabu vibaya, kwa kuwa wameangalia saa ya kwanza wakaamini zote zitakuwa hivyo.

Mwisho, jedwali halijui hali ya hewa. Kanieneo ya hewa ikishuka kwa hektopaskali 1, usawa wa bahari hupanda kama sentimita 1, na upepo wa kutoka baharini hurundika maji juu ya hapo. Dhoruba ikiwa karibu, ahirisha.

Hesabu ianzie kwenye rasi

Tafuta mahali pabaya kuliko pote njiani, panapofungwa na maji mapema. Mara nyingi ni ncha ya rasi au mlango wa mto. Wanaopajua watakuambia panapitika kwa muda gani kabla na baada ya kupwa. Ukikosa wa kumuuliza, soma jabali: mwani wa kijani na makome yaliyoganda ni alama ya mahali maji yanapofika kila siku. Kama alama hizo zinakupita kichwani kwenye njia yote, pachukulie kuwa panapitika muda mfupi sana.

Chukua mfano. Kupwa ni saa 4:40 asubuhi, na rasi inapitika saa mbili kabla na saa mbili baada, yaani kuanzia saa 2:40 hadi saa 6:40 mchana. Kutoka unapoacha gari hadi rasi ni kilomita 3 za njia ya miguu na kilomita 2 za mawe makubwa. Kutoka rasi hadi ufuoni ni kilomita 1 ya mchanga. Njia ya miguu itachukua saa moja, mawe saa mbili, mchanga nusu saa. Ukitaka kupita rasi saa 3:30, ondoka saa 12:30 asubuhi. Utafika ufuoni saa 4:00. Kuondoka ni saa 5:20, ili saa 5:50 uwe umeshapita rasi na bado una dakika 50 za akiba. Muda wako wa kukaa ufuoni ni saa 1 na dakika 20.

Ni mfupi, na ndio ukweli wenyewe. Anayetaka zaidi hana njia ya katikati: kupwa inayofuata itakuwa saa 5:05 usiku, na kuzunguka rasi gizani juu ya mawe yaliyolowa ni wazo baya hata kwa mwenye tochi nzuri. Alale huko, arudi kesho yake kwa kupwa ya saa 5:30 mchana.

Angalia kwamba katika mfano huo unapita rasi maji yakiwa bado yanakupwa. Fanya hivyo kila mara unapokwenda. Ukikosea, ukiteguka kifundo au ukikuta njia imeporomoka, kila dakika inayopita inakuongezea nafasi ya kurudi.

Kutembea

Mwendo wa barabarani usahau. Mchanga mgumu uliolowa hukubali kilomita 4 kwa saa. Mchanga laini mkavu, 2. Mawe makubwa, 1 au pungufu. Ramani nayo hudanganya, maana pwani yenye vihori na vijirasi ni ndefu kuliko mstari ulionyooka unaouchora kwa kidole.

Kwenye miamba, mweusi unaong'aa na kijani laini ndizo rangi za kuogopa; huo ni utando unaoteleza kuliko matope. Jiwe la kijivu lililo kavu hushika soli. Vaa viatu vyenye soli ya mpira laini, vilivyofungwa vizuri, kandambili ziache. Fimbo moja ya kutembelea inatosha, mkono mmoja ubaki huru.

Kuteremka jabali kuna kanuni moja: usiteremke kwa kuserereka mahali usipoweza kupanda tena. Kamba iliyoachwa na wengine isikushawishi. Jua na chumvi huila kwa ndani, na hujui imefungwa kwenye nini. Itumie kushika mizani tu, uzito wako ukae miguuni.

Mto unaoingia baharini vuka maji yakiwa yamekupwa, mahali mto ulipotanuka, kwa sababu hapo hauna kina. Fungua mkanda wa kiunoni na wa kifuani wa begi, ili ukianguka ulivue. Maji yakipita goti na yakiwa na nguvu, rudi. Mvua iliyonyesha milimani jana inaweza kukufikia leo chini ya anga safi.

Mzigo

Maji ya kunywa ni lita 3 hadi 4 kwa mtu kwa siku, zaidi kukiwa na joto. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na figo hazina uwezo wa kuitoa bila kutumia maji mengi kuliko uliyokunywa, ndiyo maana kuyanywa huongeza kiu na kukausha mwili. Kijito kinachoingia ufuoni huwa na chumvi maji yakijaa, kwa hiyo chota juu zaidi, kisha chemsha mpaka yatokote kwa dakika 1 kamili.

Chukua koti la upepo hata kukiwa na joto, tochi ya kichwani hata ukipanga kurudi mchana, filimbi, plasta na bandeji, chakula cha siku moja ya ziada, na mafuta ya kuzuia jua ya kupaka upya kila baada ya saa 2, maana mchanga na povu la mawimbi hurudisha sehemu ya miale usoni hata ukiwa umevaa kofia. Simu iingie katika mfuko usiopenya maji, ramani ikiwa imeshapakuliwa, na mtandao uuzime. Simu inayotafuta mnara usiokuwepo humaliza betri upesi. Kwenye pwani isiyo na mawasiliano kabisa, kifaa cha dharura cha setilaiti kinachotuma ishara kwa masafa ya megahezi 406 kina thamani kuliko kamera yoyote.

Mwachie mtu ratiba kwa maandishi: gari liko wapi, unapita njia gani, mko wangapi, utampigia saa ngapi, na ikifika saa ngapi hujapiga aombe msaada.

Ukifika

Usikimbilie majini. Kaa mahali pa juu uyatazame mawimbi kwa dakika 20. Huja kwa mafungu: madogo kadhaa, kisha makubwa machache, kisha madogo tena, na anayetazama kwa dakika 5 huenda akaona madogo tu. Mawimbi yenye nafasi kubwa kati yao, sekunde 14 na kuendelea, yametoka mbali na yamebeba nguvu nyingi. Hupanda ufuoni mbali kuliko yanavyoonekana. Mwamba uliolowa bila mvua umelowa kwa wimbi, kwa hiyo si mahali pa kusimama wala kuvulia samaki. Usiipe bahari mgongo. Magogo yaliyotupwa ufuoni yasiwe viti karibu na maji: maji ya kifundoni yanatosha kuliinua gogo la tani moja na kulibiringisha.

Mguu wa jabali nao si mahali pa kupumzikia, hata kama ndiko kuliko na kivuli. Mawe mapya yenye kingo kali na rangi tofauti na mengine ni dalili kuwa linamomonyoka, hasa baada ya mvua.

Kuogelea mahali pasipo na mwokoaji sikushauri. Atakayeingia ajue kutambua mkondo unaovuta nje. Maji yaliyoletwa na mawimbi lazima yarudi, nayo hupita kwenye pengo, na kwenye pwani ya miamba hupenda kupita kando ya mwamba au rasi. Huonekana kama njia yenye maji meusi zaidi, isiyo na mawimbi yanayovunjika, yenye povu linaloelekea nje. Kwa mgeni ndiyo sehemu inayoonekana tulivu, naye huingilia hapo hapo. Mikondo mikali huweza kuzidi mita 2 kwa sekunde. Hakuna anayeishinda kwa kuogelea kuikabili. Elea, pumua, inua mkono kuomba msaada, kisha ogelea sambamba na ufuo hadi mahali mawimbi yanapovunjika, uyaache yakurudishe. Kukiwa na mwamba upande mmoja, elekea upande wa mchanga.

Kwenye maji baridi, chini ya nyuzi 15 hivi, dakika ya kwanza ni ya kutuliza pumzi tu, kwa sababu mwili hushtuka na kuvuta pumzi bila hiari. Baada ya hapo una kama dakika 10 kabla mikono haijakataa kutii.

Kwenye maji ya vuguvugu yenye mchanga, tembea ukiburuta nyayo ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia akimbie badala ya kukanyagwa. Akikuchoma, tia mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90.

Kulala huko

Tafuta mstari wa mwani mkavu na takataka ulio juu kuliko yote, kisha panda zaidi, hadi kwenye mimea ya kudumu. Usiku wa bamvua mstari wa jana si salama. Vigingi vya kawaida havishiki mchangani: jaza mfuko mchanga, ufunge kamba ya hema katikati yake, uufukie sentimita 30.

Moto, kama unaruhusiwa, uwashe chini ya mstari wa maji kujaa na uuzime kwa maji. Makaa yaliyofukiwa mchangani hukaa na joto kwa saa nyingi na kuunguza nyayo za atakayepita. Choo ni shimo la sentimita 15 hadi 20, angalau mita 60 kutoka kijito. Ufuo ukiwa mwembamba, beba uchafu wako kwenye mfuko.

Njia ikifungwa

Panda mahali palipo juu ya alama za mwani na mahali palipo kavu, ukae. Usijaribu kuogelea kuizunguka rasi wala kukwea jabali linalomomonyoka. Maji yatashuka baada ya saa chache. Vaa kila ulicho nacho kabla hujasikia baridi. Jaribu ujumbe mfupi hata pale simu isipopita. Namba 112 hufanya kazi katika nchi nyingi. Piga filimbi mara 6 kwa dakika, nyamaza dakika moja, rudia. Usiku tumia tochi kwa mpango huo huo.

Ukishatoka salama, hata kama umechelewa kwa nusu saa tu, mpigie uliyemwachia ratiba kabla hujavua viatu, ili watu wasiingizwe kwenye mawimbi usiku kumtafuta aliyekwisha kufika garini.