Kulinda ndege wa Mida Creek: anzeni na watu wa ufuoni

Jamani kama mnaishi karibu na Mida Creek hapa Watamu, au hori lolote lenye mikoko na tope, msianze na semina. Anzeni na wachokoa chambo, wavuvi na akina mama wanaookota kaa, hao ndio wanajua ndege wanakula wapi maji yakipwa na wanajibanza wapi yakijaa, yani mkae nao kwanza kwenye BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo) muwasikilize kabla ya kuchora ramani yoyote.

Alafu tafuteni sehemu ndege wanapopumzikia. Nendeni siku ya bamvua maji yakijaa kabisa, mtaona wote wamejazana kipande kidogo cha mchanga, wale weusi na weupe wanaokula kaa na vitwitwi, wale ndege wadogo wa ufuoni waliotoka Siberia huko. Hapo ndo pa kulinda kuliko pote. Mkubaliane mbwa wafungwe, boti zipite mbali, watoto wasiwakimbize, maana kila wakirushwa wanachoma mafuta ya mwilini waliyojiwekea kwa safari, na mwezi wa 3 na wa 4 ndio wanajiandaa kurudi kuzaa, tafadhali sana hapo msiwasumbue.

Mikoko pandeni palipokatwa tu. Msipande kwenye tope tupu, hilo tope ndio sahani yao, na hili kosa naliona sana linaniuma.

Kuhesabu ndege fanyeni kila Januari, sehemu ileile, vijana na wazee pamoja, binokula moja inatosha kuanzia. Mgeni akija kuangalia ndege, wa kumtembeza awe kijana wa hapo na alipwe.