Panga, pangua, na vitenzi vya Kiingereza kabatini

Jumamosi nilikuwa napunguza nguo kabatini, zile ninazorundika kila Jumapili nikitoka soko la Kibuye hapa Kisumu, nikaona hii ndiyo nafasi ya kunoa vile vitenzi vya Kiingereza vya maneno mawili vinavyotusumbua. Usivikariri kwa orodha. Viseme mkono ukiwa kwenye kitu.

Kiswahili hubadilisha mkia wa kitenzi: panga, pangua, pangilia. Kiingereza hukiacha kitenzi kilivyo, kikabandika kijineno pembeni, na maana ikahama kabisa. Chukua "put". Kurudisha sufuria mahali pake ni "put away". Kusema utaiosha kesho ni "put off". (Mama yangu angeita hiyo ya pili uvivu tu.) Kulitoa kabati vitu usivyohitaji ni "clear out", nguo za kumpa binamu ni "give away", na soksi isiyo na mwenzake, "throw out".

Wengi tunateleza kwenye "it" na "them". Ukitaja kitu kwa jina, "sort out the papers" na "sort the papers out" zote ni sawa. Ukitumia kiwakilishi, lazima kikae katikati: "sort them out". "Sort out them" ni kosa. Lakini "cut down on", yaani kupunguza matumizi, haikubali kuingiliwa katikati. Sema "cut down on it", hata kama unachopunguza ni mitumba ya Kibuye.