Seva ya mafaili nyumbani: kupandisha toleo au kusakinisha upya? Hatua ninazofuata

Kila linapotoka toleo jipya la Debian (mfumo endeshi wa Linux), huulizwa swali lile lile: seva ya nyumbani ina picha na hati za familia nzima, je, nipandishe toleo juu kwa juu au nisakinishe upya? Nami huuliza kwanza: diski yenye mfumo ikifa usiku huu, unaweza kutaja kila kitu kitakachopotea nayo? Anayeweza kuvitaja vyote, asakinishe upya bila hofu. Asiyeweza asidhani kupandisha toleo kutamwokoa, maana upandishaji ukikwama katikati atalazimika kusakinisha upya akiwa hana maandalizi yoyote.

Hatua zilizopo hapa ndizo nilizofuata hivi karibuni nikimsaidia rafiki aliyekuwa bado na Debian 10, diski za data zikiwa kwenye RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) ya mdadm, programu ya RAID ya Linux, na mafaili yakigawiwa kwenye mtandao wa nyumbani kwa programu ya Samba. Anayetumia OpenMediaVault atazielewa pia, kwa kuwa chini yake kuna Debian ile ile. Kwa TrueNAS, mfumo mwingine wa seva za mafaili, nitataja tofauti panapohusika.

Hatua ya 1: Jua mfumo uko diski gani

`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL,MOUNTPOINT`

Andika namba za utambulisho za kila diski kwenye karatasi, usiandike majina kama sda na sdb. Majina hayo hutolewa kwa mpangilio wa kugunduliwa, na yanaweza kubadilika ukiwasha tu kompyuta upya. Iliyokuwa sda jana inaweza kuwa sdc leo, na hapo ndipo watu hufuta diski isiyo yenyewe.

Kama mfumo na data viko kwenye diski moja, usisakinishe upya juu yake. Nunua SSD ndogo kwa ajili ya mfumo peke yake.

Hatua ya 2: Nakala rudufu, na afya ya diski

RAID si nakala rudufu. Weka nakala kwenye diski iliyo nje ya seva, kisha ufungue mafaili kadhaa kutoka kwenye nakala hiyo ukitumia kompyuta nyingine.

Halafu endesha `smartctl -a` kwa kila diski. Tazama mstari wenye namba 5 (Reallocated_Sector_Ct) na wenye namba 197 (Current_Pending_Sector). Kama wa 197 una namba zaidi ya sifuri kwenye safu ya mwisho (RAW_VALUE), badilisha diski hiyo kwanza na uache RAID ijijenge hadi mwisho. Usichanganye ugonjwa wa diski na mabadiliko ya mfumo kwa wakati mmoja, hutajua kipi kimesababisha nini.

Hatua ya 3: Amua

Debian inakubali kupanda toleo moja moja tu. Kutoka 10 kwenda 13 ni lazima upite 11, kisha 12, kisha 13, na kila mara uhakikishe kila kitu kinafanya kazi kabla ya kuendelea. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: uko nyuma toleo moja na hujaongeza vitu vingi vya pembeni, pandisha. Uko nyuma matoleo mawili au zaidi, sakinisha upya.

Nasakinisha upya pia ninapokuta programu nyingi zilizotoka kwenye hazina zisizo za Debian. Kuanzia Debian 11 unaweza kuziona hivi:

`apt list '?narrow(?installed, ?not(?origin(Debian)))'`

Orodha ikiwa na Docker peke yake (programu ya kuendesha kontena, yaani programu zilizotengwa na mfumo), sawa. Ikiwa ndefu, jiandae kwa vifurushi vinavyogombana, na mara nyingi muda wa kuvipatanisha unazidi wa kuanza upya.

Jambo la tatu ni pale mwenye seva asipokuwa ndiye aliyeisimika. Mashine uliyorithi kwa mtu, yenye mipangilio ambayo hakuna anayejua ilifanywa kwa nini, inahitaji kujengwa upya mara moja na mtu anayeandika kila anachofanya.

Kwa TrueNAS maamuzi ni mepesi zaidi. Mfumo wake huhifadhi mazingira ya toleo lililotangulia, ukaweza kurudi nyuma kwa kuchagua toleo la zamani wakati wa kuwasha. Hapo napandisha bila kusita. Isipokuwa unapohama kutoka CORE kwenda SCALE: CORE imejengwa juu ya FreeBSD na SCALE juu ya Linux, kwa hiyo jeli (mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu) ulizokuwa nazo hazitahama, na hifadhi iliyofungwa kwa usimbaji wa GELI haitafunguka upande wa pili. Na unapopakua faili la mipangilio, weka alama ya kujumuisha mbegu ya siri (secret seed). Bila mbegu hiyo, maneno ya siri yaliyomo ndani ya faili hayatasomeka kwenye usakinishaji mpya.

Hatua ya 4: Kusanya vilivyo kwenye diski ya mfumo

Fanya hivi hata kama umeamua kupandisha. Ninachochukua kila mara: folda nzima ya `/etc`, folda ya `/root`, kazi za cron (zinazojiendesha kwa ratiba) zilizo `/var/spool/cron/crontabs`, orodha ya `apt-mark showmanual`, na `/var/lib/docker/volumes` kama kuna kontena (zizime kwanza ndipo unakili).

Hifadhidata usiinakili kama folda tu. Debian 12 ina PostgreSQL 15 na Debian 13 ina 17, na folda ya 15 haifunguki na 17. Toa kila kitu kwa `pg_dumpall`.

Kama diski za data zimefungwa kwa LUKS (usimbaji wa diski wa Linux), soma `/etc/crypttab` sasa hivi. Seva nyingi za nyumbani hujifungua zenyewe zinapowaka kwa kutumia faili la ufunguo lililo kwenye diski ya mfumo. Ukifuta diski hiyo, na hakuna neno la siri jingine unalolikumbuka, data imekwenda na hakuna fundi wa kuirudisha. Nakili ufunguo, ongeza neno la siri kwa `cryptsetup luksAddKey`, na uchukue nakala ya kichwa cha kila diski kwa `cryptsetup luksHeaderBackup`.

Mwisho chukua watumiaji na ruhusa. Utaona umuhimu wake kwenye hatua ya 7:

`getent passwd > watumiaji.txt`
`getent group > vikundi.txt`
`getfacl -Rp /srv/data > ruhusa.txt`

Vyote hivi viweke kwenye flashi.

Hatua ya 5A: Ukiamua kupandisha

Ingia kwa `tmux`, ili mtandao ukikatika kazi isife nusu. Badilisha jina la toleo kwenye orodha ya hazina, na kama unatoka 11 ongeza sehemu ya `non-free-firmware`, ambayo ilitengwa kuanzia Debian 12. Angalia nafasi iliyobaki `/boot`. Kisha `apt update`, `apt upgrade --without-new-pkgs`, na `apt full-upgrade`. Ukiulizwa kama ubadilishe faili la mipangilio ulilolihariri mwenyewe, baki na lako na usome tofauti baadaye.

Uwe na skrini na kibodi karibu. Jina la kadi ya mtandao linaweza kubadilika baada ya kerneli mpya, na seva ikawaka salama lakini isionekane popote. Ukifika Debian 13, fahamu pia kwamba `/tmp` sasa hukaa kwenye RAM, kwa hiyo skripti zako zinazorundika mafaili makubwa humo zielekeze `/var/tmp`.

Uliyepandisha, ruka hadi hatua ya 8.

Hatua ya 5B: Ukiamua kusakinisha upya

Zima mashine. Chomoa kebo za diski zote za data. Toa diski ya zamani ya mfumo, iandike tarehe, iweke kabatini. Weka SSD nyingine, sakinisha.

Wapo watakaokwambia kuchomoa kebo ni kupoteza muda, chagua tu diski sahihi kwenye menyu. Sikubaliani nao kabisa. Diski isiyounganishwa haiwezi kufutwa. Na ile ya zamani iliyoko kabatini ndiyo tiketi yako ya kurudi: mambo yakiharibika, unairudisha na nyumba nzima ina mafaili yake ndani ya dakika chache. Ndiyo maana siku hizi sisakinishi upya juu ya diski ile ile ya mfumo, hata mwenye mashine akisisitiza.

Hatua ya 6: Rudisha diski za data

Zima, unganisha kebo, washa. Kwa mdadm:

`apt install mdadm`
`mdadm --assemble --scan`
`cat /proc/mdstat`

Taarifa za RAID zimo ndani ya diski zenyewe, kwa hiyo mfumo mpya utaitambua. Ikijitokeza kwa jina la md127 usishtuke, ni kwa sababu iliandikwa ikiwa na jina la seva nyingine. Usitumie `mdadm --create` hapa hata mwongozo gani ukuambie. Amri hiyo huandika taarifa mpya juu ya zilizopo, na mpangilio wa diski ukikosewa data inavurugika. Kisha:

`mdadm --detail --scan >> /etc/mdadm/mdadm.conf`
`update-initramfs -u`

Kwenye `/etc/fstab` tumia UUID pamoja na `nofail`, ili diski moja ikikosekana seva iendelee kuwaka.

Kwa ZFS (mfumo wa mafaili wenye RAID yake, ndio unaotumiwa na TrueNAS) ni `zpool import` na jina la hifadhi. Ikilalamika kwamba ilitumiwa na mfumo mwingine, na una uhakika mfumo huo umezimwa, ongeza `-f`.

Hatua ya 7: Namba za watumiaji

Hapa ndipo saa nyingi hupotelea, nami nitakaa hapa kwa muda.

Diski haijui majina. Faili la Asha halikuandikwa "asha", limeandikwa 1001. Jina unaloliona kwenye `ls -l` linatafutwa ndani ya `/etc/passwd` ya mfumo unaotumika sasa. Ukisakinisha upya na kuwaumba watumiaji kwa mpangilio mwingine, Juma akatangulia, basi 1001 sasa ni Juma, na mafaili yote ya Asha yanaonekana kuwa ya Juma. Hakuna ujumbe wa kosa. Kila kitu kinaonekana kizuri hadi Asha ajaribu kuhifadhi hati na kukataliwa, au Juma akute anaweza kufungua folda asizopaswa kuziona.

Njia bora ni kuzuia kabla. Fungua `watumiaji.txt` na uwaumbe kwa namba zao za zamani, vikundi vikitangulia:

`groupadd -g 1001 asha`
`useradd -m -u 1001 -g 1001 asha`

Kuna mtego mmoja. Kisakinishi cha Debian humpa mtumiaji wa kwanza namba 1000. Wakati wa kusakinisha, hakikisha huyo wa kwanza ndiye aliyekuwa 1000 zamani. Hakiki kwa `ls -ln`, inayoonyesha namba zenyewe bila majina.

Kama umeshachelewa na namba zimepishana, usiendeshe `chmod -R 777`. Najua ushauri huo umejaa kila mahali. Unanyamazisha tatizo kwa kumfungulia kila mtu kila kitu, na unafuta ruhusa ambazo zilikuwa sahihi. `chown -R` ya folda nzima nayo inaharibu, kwa sababu inampa mtu mmoja mafaili ya wote.

Badili namba moja moja:

`chown -R -h --from=1001 2001 /srv/data`

Nimeandika 2001 makusudi. Tuseme Asha anatakiwa kutoka 1001 kwenda 1002, na Juma kutoka 1002 kwenda 1001. Ukihamisha ya Asha moja kwa moja kwenda 1002, yanachanganyika na ya Juma ambayo bado yako 1002, na hapo hakuna amri itakayoyatenganisha. Pitia namba ya kati isiyotumika na mtu: Asha kwenda 2001, Juma kwenda 1001, kisha 2001 kwenda 1002. Rudia hivyo hivyo kwa vikundi, `--from=:1001 :2001`, kwani kikundi kina namba yake tofauti.

Kama ulitumia ruhusa za ziada za ACL, `chown` haizigusi. Ndani yake kuna namba pia. Hapo ndipo `ruhusa.txt` inapokuokoa. Kwa kuwa tuliichukua kwa majina, `setfacl --restore=ruhusa.txt` ikiendeshwa na root huyatafsiri majina hayo kwa namba za mfumo mpya na kurudisha mmiliki, kikundi na ACL kwa pamoja. Sharti ni kwamba kila jina lililomo liwepo tayari kwenye mfumo mpya. Kwa folda ngumu naanza na njia hii kabla ya kugusa `chown`.

Usisahau watumiaji wa huduma. Programu kama seva ya video hupewa namba chini ya 1000 inaposakinishwa, na namba hiyo haitakuwa ile ya zamani. Kwenye kontena, angalia PUID na PGID (namba za mtumiaji na kikundi) ndani ya mafaili ya compose, yaani ya mipangilio ya kontena.

Hatua ya 8: Huduma

Rudisha `smb.conf`, ikague kwa `testparm`. Maneno ya siri ya Samba yako kando na ya mfumo, hivyo mpe kila mtu jipya kwa `smbpasswd -a`. Usimwage `/etc` yote ya zamani juu ya mpya, chukua faili moja moja. Rudisha kazi za cron, hasa ile ya nakala rudufu, na usubiri uione ikiendeshwa yenyewe. Uliyepandisha, hakiki tu kwamba hivi vyote bado vipo.

Hatua ya 9: Usiguse `zpool upgrade`

Baada ya toleo jipya, ZFS itakuonyesha kila mara kwamba kuna vipengele vipya vya kuwezesha. Mafaili yanasomeka vizuri bila hivyo. Ukiviwezesha huwezi kuviondoa, na mfumo wa zamani ulioko kabatini unaweza kukataa kuifungua hifadhi hiyo. Mimi huacha angalau mzunguko mmoja kamili wa nakala rudufu na `zpool scrub` moja isiyo na makosa vipite kwanza. Kwa mdadm fanya ukaguzi kama huo kwa `echo check > /sys/block/md127/md/sync_action`, ukiweka jina la RAID yako. Ukaguzi ukimalizika salama, ile diski ya zamani ya mfumo unaweza kuifuta na kuitumia kwingine.