Kunde Zimegoma? Angalia Masurufu Yake Kwanza

Vuli ilikuwa imeshaanza mama mmoja wa Chanika aliponipigia simu. "Bwana shamba, kunde zimenigomea. Zimeota vizuri tu, lakini haziinuki. Nimeshaweka yurea mara mbili." Nilipofika sikwenda moja kwa moja shambani, nilimwomba mbegu zilizobaki. Akazitoa kwenye ndoo isiyo na mfuniko, iliyokaa stoo chini ya bati. Nikachota kiganja kimoja. Karibu kila punje ilikuwa na tundu la mviringo, safi, kama limetobolewa kwa msumari.

Wengi hushangaa kunde iliyobunguliwa inawezaje kuota. Inaota, kwa sababu bungua mara nyingi hula ile nyama nene ya punje na kukiacha kiinitete, yaani kijimche kilichomo ndani. Mche unachomoza, ila unachomoza na njaa.

Ukitaka kuona ninachosema, loweka kunde chache kwenye sahani usiku, asubuhi umenye ganda. Punje itaachana nusu mbili nene, zinazoitwa kotiledoni. Pembeni, karibu na jicho la kunde, utaona kijimche kidogo kuliko punje ya mchele, chenye mzizi na vijani viwili vilivyokunjwa. Mmea wenyewe ndio huo. Vyote vilivyobaki ni masurufu uliyofungiwa na mama yake kwa ajili ya safari.

Ndani ya masurufu hayo kuna wanga, ambao ni kuni za kutia nguvu, na kuna protini. Kwenye kunde protini hufikia karibu robo ya uzito wa punje kavu, kwenye mahindi ni kama asilimia 9 au 10. Mwanasayansi wa Marekani, Thomas Burr Osborne, alizigawa protini hizi makundi manne kwa kuangalia zinayeyuka kwenye nini: maji, maji ya chumvi, pombe, au asidi na alkali. Mkulima hahitaji kuyakariri. Ajue tu kwamba zimehifadhiwa kwenye vifuko vidogo ndani ya seli, na kwamba ndizo akiba ya naitrojeni ya mche. Maji yakiingia, vimeng'enya huzikatakata kuwa asidi amino, nazo husafirishwa hadi kwenye kijimche kijengee mizizi na majani. Wanga peke yake haujengi jani la kijani.

Siku chache baada ya kunde kuchomoza, zile nusu mbili zilizopanda juu pamoja na shina hunyauka, hugeuka njano na kudondoka. Nimeshakuta mtu anazipulizia dawa ya ukungu! Si ugonjwa, mfuko umeisha chakula.

Sasa turudi kwenye yurea, mbolea ya naitrojeni. Wiki ya kwanza mizizi bado ni mifupi, na mbolea ya chumvichumvi ikirundikwa karibu yake huiunguza. Vinundu vya mizizi vinavyonasa naitrojeni ya hewani navyo huchukua kama wiki 3 au 4 kuanza kazi sawasawa. Kwa hiyo siku za mwanzo mche unategemea zaidi ulichokuja nacho. Ukija na mfuko uliotoboka, yurea haiuzibi.

Sisi wa Dar tuna tatizo la ziada, nalo ni hewa yetu. Mbegu iliyokauka vizuri, ukiiacha wazi, hunyonya unyevu wa pwani upya. Joto na unyevu vikikutana, protini huanza kuharibika na vimeng'enya hupoteza nguvu, hata kama punje kwa nje inang'aa. Wataalamu wa mbegu wana kanuni ya makadirio iitwayo ya Harrington: unyevu wa punje ukishuka kwa asilimia 1, maisha ya mbegu huongezeka mara mbili, na joto likishuka kwa nyuzi 5 za selsiasi, vivyo hivyo. Geuza kanuni hiyo uone stoo ya bati inakufanyia nini.

Kausha mbegu juu ya turubai, kisha ipime kwa chumvi: tia mbegu na chumvi kavu kidogo kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, funga, tikisa dakika chache, uiache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Isipoganda usiridhike mapema, ipe jua siku moja au mbili zaidi. Ikishapoa, ijaze hadi mdomoni kwenye dumu kavu au mfuko usiopitisha hewa na ufunge kabisa. Bungua waliomo hukosa hewa. Dumu likae chumba chenye ubaridi kuliko vyote nyumbani, hata uvunguni mwa kitanda.

Ukinunua Kariakoo, tafuta lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na tarehe ya kupimwa, na ziache pakiti zilizoning'inizwa juani mlangoni. Wa mchicha kule Bonde la Msimbazi waongeze jambo moja: mbegu ile ni vumbi, masurufu yake ni kiduchu, hivyo ukiifukia zaidi ya sentimita moja inaishiwa njiani. Kunde huvumilia sentimita 3 hadi 5.

Kabla ya kupanda, otesha punje 100 kwenye mchanga wenye unyevu. Siku ya saba hesabu miche iliyosimama na kunenepa, si kila kilichochomoza. Ikiwa chini ya 80, mimi hutafuta mbegu nyingine.

Mama wa Chanika tulikaa naye barazani tukachambua ndoo yote. Nzima zilijaa bakuli moja, akazifunga kwenye chupa ya maji. Zilizobaki, ambazo hazikuwa na dawa yoyote, walimaliza kuku.